Mama Mkwe, Simu na Sufuria ya Uyoga

Mama mkwe wangu alikuwa anakufa ndani ya nyumba yake, na mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango kwa sababu alinikataza kuingia.

Hakunikataza kwa kupiga kelele. Alinipigia simu.

Ndio. Yeye ndani, mimi nje, ukuta wa udongo katikati yetu, na tunaongea kwa simu.

Najua kuna mtu ameanza kucheka. Cheka tu, lakini soma mpaka mwisho.

Mimi naitwa Gathii. Nimezaliwa Kitale. Wazazi wangu walitoka Murang'a wakaja Trans-Nzoia kulima mahindi, na mimi nauza spea za pikipiki pale Tuwan. Mke wangu ni Nekesa, Mbukusu wa pande za Lugulu. Nilipomwoa ndipo nilikutana na sheria ambayo hakuna mtu alinidokezea mapema.

Kwao, mkwe na mama mkwe hawagusani.

Hawasalimiani kwa mkono. Hawali meza moja. Mkwe haingii jikoni mwa mama mkwe, sembuse chumba anacholala. Si chuki jamani, ni heshima. Ni heshima kubwa mpaka inaogopesha.

Siku ya kwanza nilienda na mkono umenyooka kama mgombea kiti wakati wa kura. Mama akaficha mikono yake yote chini ya leso, akaangalia ukuta, akasema, "Mulembe, mkwe." Shangazi mmoja nyuma yake alicheka hadi akakaa chini.

Basi miaka ikaenda hivyo. Yule mama nilimpenda, na yeye alinipenda. Unajua tu. Kuku aliyechinjwa kwa ajili yangu hakuwahi kuwa mdogo. Lakini kuongea ilikuwa kazi. Yeye anageuza kiti upande, mimi naangalia dirisha, Nekesa anabeba maneno katikati kama mkalimani wa kanisa.

Ndipo nikamnunulia simu ya kugusa, aachane na ile kabambe yake ya vibonyezo.

Kumbe kwenye simu hakuna mwiko! Wazee walipopanga zile sheria hawakufikiria simu. Mama akafunguka. Kila asubuhi nilipata ujumbe wake wa sauti: mahindi yameota vipi, nani amegombana na mume wake, ng'ombe wa nani ameingia shamba la nani. Nilijua habari za kijiji kuliko Nekesa aliyezaliwa pale. Nilikuwa na raha, sitaficha.

Halafu shemeji yangu Mukhisa, ndugu ya Nekesa anayeishi boma moja na mama, akamwekea ile programu ya akili bandia.

Mnaijua. Unaiuliza kitu kwa sauti, inakujibu kwa Kiswahili safi. Unapiga picha jani, inakuambia ni jani gani na linafaa nini. Mama akaipenda, akaibatiza jina. Aliiita Mwalimu.

Mwanzoni ilikuwa vichekesho. "Mwalimu amesema chumvi ipunguzwe." "Mwalimu amesema maharagwe yapandwe wiki ijayo." Tulicheka.

Lakini kuna kitu mnafaa kujua kuhusu huyu mama. Alikuwa akitoka nje, anaangalia upande wa Mlima Elgon, anaanua nguo kwenye kamba. Sisi tunashangaa, jua linawaka. Kabla hujamaliza chai, mvua hiyo.

Na uyoga! Kwa uyoga alikuwa kama daktari wa kijiji. Msimu wa mvua, akina mama walileta vikapu vyao kwake kabla ya kupika. Anachukua mmoja, anaugeuza, anaunusa, anabonyeza shina. "Huu kula. Huu tupa." Ukimwuliza amejuaje, anakuangalia kama umemwuliza anapumuaje.

Sasa huyo ndiye nilianza kuona anabadilika. Namwuliza kama mvua itanyesha nije na gari, naye ananiambia, "Ngoja niulize Mwalimu." Mlima uko pale pale mbele ya mlango wake.

Siku moja nilimwuliza marehemu baba mkwe alipenda mboga gani. Nilitaka tu kumtania Nekesa kuhusu mapishi yake.

Alianza kusema kitu, akaacha. Halafu akasema, "Ngoja niulize Mwalimu."

Nilicheka. Nilipokata simu sikuwa nacheka tena.

"Mama anazeeka tu," Nekesa akaniambia. "Wewe nawe unapenda kutafuta mambo."

Nikaacha hayo. Mkwe akisema sana kuhusu mama wa wenyewe, anaonekana ana lake.

Basi mwaka huu, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, tukatoka Kitale asubuhi ya Jumamosi kwenda Lugulu. Kulikuwa na mazishi ya jirani wa karibu, mtu wa kuheshimiwa. Mimi, Nekesa, na binti yetu Joy aliye darasa la kwanza.

Tulipofika mama hakutoka nje. Akasema kutoka ndani ati tumbo linamsumbua kidogo, twende tu mazishini, yeye atalala.

Pale kwao mazishi si mchezo. Kijiji chote kinaenda. Mukhisa akaenda na mke wake, Nekesa akaenda, majirani wakaenda. Mimi gari langu lilikuwa limepata pancha karibu na boma, nikasema nitabadilisha gurudumu nifuate. Joy akasema anataka kubaki na kukhu wake, yaani bibi yake.

Nilikuwa nakaza nati ya mwisho nilipomwona Joy anakuja mbio, viatu mkononi.

"Baba, kukhu ameanguka!"

"Ameanguka wapi?"

"Kwa chumba. Amesema anatapika tangu usiku, na nisiambie mtu."

Nilifika mlangoni nikasimama. Miguu yangu ilisimama yenyewe, kwa mazoea. Ndani nilisikia mtu anapumua kama anayepandisha mlima.

"Mama! Uko sawa?"

Simu yangu ikalia. Ni yeye.

"Mkwe," sauti ilikuwa ndogo sana. "Usipite mlango."

"Mama, uko na nguvu ya kusimama?"

"Hapana. Lakini nimeuliza Mwalimu. Amesema nipumzike, ninywe maji kidogo kidogo. Itaisha."

"Mama, hii si ya Mwalimu. Nakupeleka hospitali."

"Na nani atanibeba?"

Sote wawili tulijua jibu.

"Ngoja Nekesa," akasema. "Ukinishika, Baba Joy, utakuwa umeniaibisha. Nitatokaje tena mbele ya watu?"

Nikampigia Nekesa. Inaita, inaita, hakuna. Mukhisa, simu imezimwa. Mke wa Mukhisa, hakuna. Nani anaangalia simu wakati jeneza linashushwa? Nikakimbia kwa jirani wa juu nikakuta kufuli. Jirani wa chini nikakuta mbwa tu.

Niliporudi, mama hakuwa anajibu simu tena. Nilisikia inalia mle ndani, na hakuna mtu anayeichukua.

Sasa sikieni aibu hii. Mimi mwenyewe, mkono wangu ulienda kwa ile programu. Nikaiuliza nifanye nini, mama mkwe ni mgonjwa na mila hainiruhusu kumgusa. Ikaniandikia insha. Ati ni muhimu kuheshimu tamaduni. Ati nitafute mzee wa jamii anayeaminika tushauriane.

Nilikuwa nimesimama pale nasoma! Mtu anakufa na mimi nateremsha kidole nione kama kuna ushauri mwingine chini.

Nikaitupa ile simu kwenye nyasi. Nikavuka mlango.

Kwanza nilijaribu kumwokolea heshima yake. Alikuwa sakafuni kando ya kitanda. Nikashusha godoro, nikamsukumia karibu, nikamwambia Joy amsaidie kukhu abingirike juu yake. Joy akavuta, mama akajikokota. Mimi nimeangalia paa. Nikaburuta lile godoro mpaka nje, jasho linanitoka, sijamgusa hata nguo.

Lakini godoro haliingii kwenye kagari kangu. Nililigeuza hivi, nikaligeuza vile.

Akafungua macho. Aliniangalia usoni, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nioe.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Faini nitalipa. Hata ng'ombe nitaleta."

Nikambeba.

Alikuwa mwepesi. Sikutegemea awe mwepesi hivyo. Alifunika uso wake kwa leso na machozi yakapita chini yake, na mimi pia nilikuwa nalia, mwanaume mzima mwenye duka.

Ile barabara yao ikinyeshewa inakuwa sabuni. Niliendesha gari likienda kimbavu, Joy nyuma ameshika kichwa cha kukhu wake. Tulipofika hospitali ya misheni, wakamchukua haraka, wakamwekea maji ya mishipa.

Muuguzi mmoja, Jepkemboi kwa jina lililokuwa kifuani, akanijia na uso usio na mchezo.

"Alikula nini jana?"

"Sijui. Tumefika leo."

"Uyoga," Joy akasema. "Kukhu alisema alikula uyoga jana jioni."

Jepkemboi akaniangalia. "Nani mwingine alikula?"

"Hakuna," nikasema. "Wengine walikuwa kwa matanga, walikula huko."

"Lakini kukhu alimwekea mama," Joy akasema. "Ako nao kwa sufuria, jikoni. Alisema mama akitoka mazishi atakuwa na njaa."

Nekesa anapenda uyoga. Ukimpa nyama na uyoga achague, nyama utakula wewe. Na saa hizo mazishi yalikuwa yanaisha.

Nikashika mfuko kutafuta simu. Haiko. Iko kwenye nyasi za mama mkwe.

Jepkemboi akanipa yake. "Piga."

Nikashika ile simu ya mwenyewe, kidole juu ya namba, na hakuna kitu kilichokuja. Sifuri saba, halafu ukuta. Namba ya mke wangu! Mwanamke nilimtongoza kwa ile namba, nikiiandika kwa kidole kwenye vumbi la kaunta nisiisahau. Nilijaribu moja, mwanaume wa Eldoret akanijibu kwa hasira. Nikajaribu nyingine, haipo.

Nikamwacha Joy kwa muuguzi nikatoka mbio.

Ile safari ya kurudi sitaki kuikumbuka. Nilipita ng'ombe, nikapita watu wanaotoka mazishini na viti vya plastiki kichwani. Nilikuwa napiga honi na kuomba Mungu kwa lugha zote nilizo nazo.

Nilipoingia bomani, moshi ulikuwa unatoka jikoni.

Sikusimama mlangoni safari hii. Niliingia jikoni mwa mama mkwe kama mwizi. Nekesa alikuwa amekaa kwenye kigoda, bado na nguo za mazishi, ugali mkononi, amekwisha kuuchovya.

Nilipiga ile sahani kwa mkono. Mchuzi ukaruka ukutani.

"Gathii! Umerogwa?"

"Umekula? Nekesa, umekula?"

"Sijakula! Ndio nilikuwa naanza! Nini mbaya na wewe? Na mama ako wapi? Godoro linafanya nini nje?"

"Mama yuko hospitali. Ni huo uyoga."

Aliniangalia. Halafu akasimama polepole, na ule uso niliuogopa.

"Nani alichuma?"

"Sijui. Mama, nafikiri."

"Basi si uyoga." Sauti yake ilikuwa baridi. "Mama hawezi kukosea uyoga. Tangu nizaliwe hajawahi. Kuna mtu amempa mama kitu. Na nani alimbeba?"

Niliangalia mchuzi unavyoteremka ukutani.

"Gathii. Nani alimbeba mama yangu?"

"Mimi."

Mukhisa alikuwa amefika nyuma yangu. Alisikia hilo neno la mwisho.

"Ati nini? Wewe ndio ulishika mayi, mama yetu? Na wewe ndio ulikuwa hapa peke yako naye?"

Sikieni vile maneno yanageuka. Nilikuwa nimeokoa watu wawili siku moja, na pale jikoni nilianza kuonekana kama mtu anayefaa kujieleza polisi. Mukhisa alinishika kola. Nekesa hakumzuia. Hilo liliniuma kuliko kola.

Tulirudi hospitali katika gari moja. Nilikuwa nimechukua ile sufuria, nimeifunika, kwa sababu Jepkemboi alisema kilichobaki kiletwe. Mukhisa akaitoa mikononi mwangu akaishika mwenyewe, kama mimi ningeimwaga njiani.

Daktari alituambia wazi. Dalili zote ni za sumu ya uyoga. Ini ndilo wanaliogopea. Akasema anaweza kuonekana amepata nafuu, lakini tusidanganyike, hatari bado haijaondoka.

Nekesa hata hapo alikataa. "Daktari, wewe hujui mama yangu."

Mgonjwa aliruhusiwa mtu mmoja mmoja. Mukhisa aliingia kwanza, akatoka, akaegemea ukuta. Tulikuwa kwenye benchi la nje, mimi mwisho huu na Nekesa mwisho ule, simu ya Nekesa ikalia. Ni mama. Alikuwa ameomba simu ya muuguzi, na namba ya binti yake aliitaja kwa kichwa.

"Nipatie mkwe," akasema.

Nekesa akanipa, ameweka sauti ya nje ili na yeye asikie.

"Baba Joy."

"Mama."

"Wamekugombanisha?"

"Hapana, Mama."

"Usinidanganye, Mukhisa ameniambia." Akapumzika, akavuta pumzi. "Hakuna mtu amenipatia kitu. Uyoga nilichuma mwenyewe, kule chini karibu na mto."

Nekesa akaweka mkono mdomoni.

"Nilipoushika, mkono ulikataa," mama akasema. "Nikanusa, pua ikakataa. Nilikuwa nautupa, mkwe. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuutupa. Halafu nikajiambia, sasa wewe mama ambaye hujasoma, unajua nini? Nikapiga picha. Nikauliza Mwalimu. Akaniambia unafanana na ule unaoliwa."

Mukhisa aliacha ukuta akasogea karibu na benchi.

"Alisema unafanana," akarudia. "Mimi nikasikia unaliwa. Nikapika. Hata wakati napika, harufu iliniambia. Nikaiambia harufu inyamaze, Mwalimu amesema."

Nekesa alianza kulia, ule mlio wa mtoto. Akaja upande wangu wa benchi, akaweka kichwa kwenye bega langu, na hakusema pole. Sikuhitaji. Mukhisa alikaa chini kwenye sakafu ya hospitali na suti yake ya mazishi.

Mama alipona. Ilikuwa taabu, kuna siku tuliitwa tukaambiwa tuombe, lakini alipona. Mungu yupo.

Na ile faini? Wazee walikaa, wakasema nitoe kondoo. Nikatoa. Wakasema pia mama atoe kuku ampe mkwe kwa kumwokoa, na mambo yakaisha kwa kicheko na chai.

Ningependa kumalizia hapo.

Lakini mvua zilirudi. Juzi tulikuwa Lugulu, mama amekonda lakini anatembea. Akaja jirani na kikapu, kama zamani, akakiweka mbele yake. Uyoga wa kichuguu, ule mkubwa, ambao Nekesa amekula tangu akiwa hana meno. Hata mimi Mkikuyu niliutambua.

Nekesa akachuchumaa kando yake. "Mama, nifundishe. Leo nataka kujua mwenyewe."

Mama akachukua mmoja. Akaugeuza. Akaunusa. Akabonyeza shina. Tulingoja.

Akaugeuza tena. Akanusa tena.

"Sijui," akasema.

"Mama, si huu ni ule wa kichuguu? Wa siku zote?"

"Nafikiri ni huo. Mkono unaniambia ni huo. Lakini mkono uliniambia siku ile nikaukatalia. Sasa ukiniongelesha, sijui kama ni mkono ama ni mimi nataka kuamini." Akaurudisha kwenye kikapu. "Tupeni wote."

Jirani alitupa kikapu chote nyuma ya choo. Hakuna aliyebishana. Mama akaingia ndani, na jioni hiyo hakutoka.

Hapo ndipo nilielewa kilichotupata. Hospitali ilituokolea mama. Lakini kile alichokuwa anakijua, alichopewa na mama yake na mama wa mama yake, kilikufa, na hakuna mtu katika ile familia aliyekuwa amekichukua. Nekesa hakujifunza kwa sababu mama yupo. Mukhisa hakujifunza kwa sababu simu ipo.

Sisemi mtupe simu. Mimi mwenyewe hii naiandika kwa simu, na bila simu nisingemjua mama mkwe wangu hata kidogo. Simu ilikosea tu, kama mtu yeyote anavyokosea. Kilichomwangusha mama ni kwamba alijua, na akaona aibu kujua bila kuulizia. Kidogo kidogo alijizoesha kujinyamazisha, kwa mvua, kwa chumvi, kwa mboga ya mume wake, mpaka siku ile alipojihitaji hakujisikia.

Mimi namba ya mke wangu sasa naijua kwa kichwa, na Joy ananitajisha kila Jumapili.

Wewe ukimaliza kusoma hapa, mpigie mama yako. Usimwulize kama amekula. Mwulize kitu anachokijua ambacho wewe hukijui, na akianza kukueleza, usimkatize ukaangalie mtandaoni kama ni kweli.